Mafuta ya Mwarobaini Nyumbani kwa Mkwe

Usiku ule Nakhungu hakupata lepe la usingizi, na lawama zote alimtwika mkwe wake Levi, kama alivyozoea kufanya kila usingizi ulipompaa. Simu aliilaza kifuani, chini ya leso, ili ikilia asiikose. Mumewe Wabwile alikoroma upande wa ukutani kama kinu cha kusaga mahindi kilicholegea mkanda.

Alimsukuma kwa kiwiko. "Unalala vipi na mtoto hajapiga simu?"

"Kwani akipiga atataka kuongea na mimi?" Wabwile akajibu, akavuta blanketi mpaka masikioni.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Wabwile tangu ujana wake. Nyumba ikiungua angeuliza kama moto umefika upande wake wa kitanda. Nakhungu alimgeuzia mgongo akaendelea kusikiliza mvua ya Chwele ikipiga mabati, akimuwazia binti yake na maharagwe yake na yule mwanamume aliyempata.

Emmy alikuwa ameolewa na Levi Walubengo, Mbukusu mwenzao, ambaye baba yake alipata kishamba juu ya Kitale, kwenye njia ya kwenda mpakani Suam, mahali ambapo hata saa nne asubuhi watu hutembea wamekunja mikono kwa baridi. Mwaka uliopita maharagwe yao yaliingiliwa na viwavi, wale wa kijani wanaotoboa ganda na kuzamisha kichwa ndani huku mkia umebaki nje, kama mwizi aliyekwama dirishani. Levi alileta dawa kutoka ng'ambo ya mpaka, chupa isiyo na karatasi wala jina, inayonuka hata ikiwa imefungwa. Kisha mgongo wake ukaanza kuuma. Mgongo wa Levi ulikuwa na adabu sana: haukuuma sokoni wala kwenye pikipiki, uliuma shambani tu. Kwa hiyo Emmy ndiye aliyebeba pampu. Jioni alitapika, mikono ikamtetemeka, na kabla wiki haijaisha mimba changa aliyokuwa nayo ikatoka. Hospitalini hawakusema kwamba ni dawa, wala hawakusema kwamba si dawa. Nakhungu hakuhitaji kuambiwa.

Sasa Emmy alikuwa mjamzito tena, maharagwe yalikuwa yanatunga maganda tena, na viwavi walikuwa wamerudi.

Ndiyo maana Nakhungu alimtumia mafuta ya mwarobaini. Kikundi chao cha akina mama pale Chwele kilinunua mtungi mmoja wakagawana, na yeye alikuwa ameyatumia kwenye kunde zake akaridhika. Alimimina sehemu kwenye chupa iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia, akaifunga kwa mfuko wa nailoni, akampa dereva wa pikapu ya vitunguu aifikishe Kitale. Levi alikuwa ameahidi kuyajaribu jana. Na jana ilikuwa imepita bila Emmy kusema lolote.

Simu ililia majogoo wakiwika.

"Mayi, yameganda."

"Nini kimeganda?"

"Mafuta yako. Yamekuwa meupe meupe kama yale ya kukaangia mandazi. Levi amecheka mpaka akakaa chini. Ati mama yako ametuletea ya chapati, tuwapikie wadudu."

"Na wewe ukasema nini?"

"Si nilicheka pia, kidogo tu."

Nakhungu alisonya hadi Wabwile akaamka. Msichana aliyelelewa vizuri, akasomeshwa mpaka kidato cha nne, halafu anacheka mama yake akitukanwa. "Emmy, huyo mtu amesema atafanya nini?"

"Ameenda Suam kuchukua dawa. Akirudi nitapiga."

"Utapiga? Na hiyo tumbo?"

"Ati nifunge leso mdomoni, Mayi. Anasema hiyo inatosha."

Nakhungu aliinuka kitandani. Alikata simu, akavaa viatu vya kanisani kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu, akamwambia Wabwile kwamba ugali upo na mboga iko shambani, akiona njaa ainame achume. Kabla jua halijapanda alikuwa amefika Kitale.

Alikwenda kwenye duka la dawa za mimea karibu na soko, lile lililowauzia mtungi, amebeba kinywani maneno makali ya kuuliza ni nani anayewauzia akina mama mafuta yaliyochanganywa. Nyuma ya kaunta alisimama msichana aitwaye Chepkirui, mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi ya zambarau. Nakhungu alizitazama zile kucha na kujiambia kwamba huyu hajawahi kung'oa hata kitunguu.

"Mama, hayajaharibika," Chepkirui alisema kabla hata hajamaliza kumsikiliza. "Ni baridi. Mwarobaini hutoka sehemu za joto. Ukipeleka huko juu mwezi kama huu, yanaganda. Weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, yatayeyuka yenyewe. Usiweke motoni."

"Na kwa nini kwangu hayakuganda?"

"Si kwako ni Chwele? Kuna joto kiasi."

Nakhungu alitafuta kasoro katika jibu hilo akaikosa, jambo lililomwudhi zaidi. Msichana akaendelea, akihesabia kwenye zile kucha zake: mafuta yapigwe kwanza na sabuni ya maji mpaka yawe kama maziwa, la sivyo yataelea juu ya maji na kuunguza majani; yanyunyiziwe jioni, jua likiwa limepoa na nyuki wamerudi kwao; yafike chini ya majani na kwenye maua. "Na yule mjamzito asishike pampu, mama. Hata hii ya mwarobaini. Apige mtu mwingine, avae glavu."

Hapo Nakhungu akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Kitu kingine," Chepkirui alisema. "Usingoje waanguke chini wafe. Haya hayaui papo hapo. Kiwavi akiyalamba anakosa hamu ya kula, anadumaa, anashindwa kujivua ngozi. Utamwona anatembea siku kadhaa, lakini hali kitu. Na wale ambao tayari wako ndani ya ganda, hao hatuwafikii. Hao wamekula, wamekula."

Juu kule Nakhungu hakufikia kwa mkwe wake. Asingeweza. Kwa Wabukusu mama mkwe na mkwe hawasalimiani kwa mkono, hawatazamani usoni, hawapishani njiani wala mlangoni. Wakikutana ghafla, mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Nyumba ya mkwe si mahali pa mama mkwe kulala wala kula. Ni heshima, watu husema. Nakhungu aliona kwamba kwa upande wa Levi heshima hiyo ilikuwa bure kabisa, lakini aliishika, kwa sababu alikuwa mtu wa watu na hakutaka kusemwa. Alifikia kwa Cherop, jirani wa Emmy, mjane mwenye ng'ombe mmoja na sauti ya kuita ng'ombe ishirini.

"Mama Emmy, karibu," Cherop alimwambia. "Huyo mkwe wako amepita hapa asubuhi kwa pikipiki amevaa miwani ya jua. Jua liko wapi? Mimi nimelitafuta."

"Ametoka nayo Suam. Si huko ndiko anakotoa akili."

Levi alirudi mchana. Nakhungu alimsikia kabla ya kumwona, maana alikuwa mtu wa kuongea na simu mbili kwa pamoja, kila moja ikielezwa alivyo na shughuli kwenye nyingine. Yeye alisimama upande wa huku wa ua wa vichaka vya kitarara, Levi upande wa kule, na Emmy akawekwa katikati kama karani wa mahakama.

"Mwambie mkwe," Nakhungu alisema akitazama majani, "kwamba mafuta yaliganda kwa baridi. Si ya chapati."

"Mwambie mama," Levi akasema, "mafuta ya dawa hayagandi, bana. Mimi ni mtu wa mpaka. Nimeona dawa za kila aina."

"Muulize kama zote hazina jina."

"Mwambie dawa kali haihitaji jina."

"Mwambie hata nyoka yuko hivyo."

Emmy alicheka, safari hii upande wa mama yake, na Levi akavua miwani yake. Hatimaye akatoa ruhusa kama chifu anayegawa ardhi: wachukue upande wa chini, ule wenye mistari iliyokaribia kijito, wafanye mapishi yao. Wadudu wakiwa bado hai akitoka safari yake inayofuata, Emmy atapiga dawa ya Suam shamba zima na hapatakuwa na maneno.

Emmy alichemsha maji, akayapooza kwa maji ya kisima, wakaisimamisha chupa ndani ya sufuria. Mafuta yalianza kulegea pembeni, kisha yakateremka yote, yakawa ya rangi ya chai iliyokolea, na ile harufu yake ya kitunguu saumu kilichooza ikajaa jikoni kwa Cherop. Cherop akasema kama angekuwa kiwavi angehama wilaya. Wakayapiga na sabuni mpaka yakawa meupe kama maziwa. Jua lilipopoa Cherop alibeba pampu yake mwenyewe, amevaa glavu za kukamulia, naye Nakhungu akamtangulia akiinua majani kwa fimbo. Emmy aliamriwa akae juu ya jiwe mbali, upepo unakotoka, na asilete mdomo.

Siku zilizofuata Nakhungu alikagua yale maharagwe kama askari jela. Asubuhi aliinama, mchana aliinama, jioni aliinama. Siku ya kwanza viwavi walikuwa palepale, wanene, wanatembea. Siku iliyofuata vilevile. Alimpigia Chepkirui simu kumtukana, lakini sauti ilipopokea alisema tu, "Mwanangu, bado wanatembea."

"Si nilikwambia? Angalia kama wanakula."

Akaangalia. Alivunja ganda hapa na pale, akachungulia. Mashimo ya zamani yalikuwepo, yamekauka kingo, na ndani yake kulikuwa na waliokwisha kunenepa, hao hakuna la kuwafanya. Lakini mashimo mabichi, yale yenye unyevu na vumbi la kijani mdomoni, aliyakosa. Wale viwavi wadogo walikuwa wamekaa juu ya majani bila kazi, wamesinyaa, wanainua kichwa na kukirudisha chini. Mmoja alipomgusa kwa ncha ya kijiti alianguka na hakuhangaika kurudi. Upande wa juu, ambao haukunyunyiziwa, kila ganda la tatu lilikuwa linavuja.

Nakhungu alikaa kwenye tuta akashusha pumzi. Hakuwa mtu wa kuimba, lakini alivumisha puani kidogo wimbo wa kanisani.

Kisha Levi akarudi.

Alipita moja kwa moja mpaka upande wa chini, akainama kwa mgongo ambao siku hiyo haukuuma, akaokota kiwavi akamweka juu ya kijiti. Alimpeleka kwa Emmy kama mtu anayepeleka ushahidi kotini.

"Mwonyeshe mama yako. Huyu ni maiti? Si anatembea?"

Nakhungu alikuwa nyuma ya ua. "Mwambie atazame maganda. Asitazame miguu ya mdudu, atazame maganda."

"Mwambie mdudu akiwa hai ni hai."

"Mwambie hata yeye yuko hai, na ni kazi gani anafanya?"

Cherop, aliyekuwa akikamua, alicheka mpaka ng'ombe akasogea. Na pengine kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Levi angevumilia maneno ya mama mkwe, lakini kuchekwa na jirani mwanamke hakukuwa kwenye hesabu zake. Shingo ilimvimba. Alisema maongezi yamekwisha, shamba ni la Walubengo si la akina mama wa Chwele, na jioni hiyohiyo dawa itapigwa. Aliingia ndani, ambako pampu yake ilitundikwa, na chupa yake isiyo na jina, akajirudishia mlango.

"Emmy!" akaita kutoka ndani. "Lete maji ya kuchanganyia!"

Emmy akachukua ndoo.

Nakhungu alimwona akiichukua. Emmy hakubisha, hakulia, hakuuliza. Aliinama tu, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye ndoo, lile tumbo dogo likitangulia, akaelekea kisimani kama mtu anayekwenda kuteka maji ya chai. Hapo dharau haikumtosha Nakhungu tena. Alimkemea Levi kichwani kwa majina yote aliyoyajua, lakini majina hayakuizuia ndoo.

"Emmy. Weka chini."

"Mayi, atakasirika."

"Akasirike akiwa ameketi. Weka chini, nenda kwa Cherop, ukae jikoni, na usitoke hata akiita jina lako la ubatizo. Cherop, yale mafuta yaliyobaki, yayeyushe. Anza upande wa juu."

Kisha Nakhungu alichukua kigoda cha Cherop, kile cha kukamulia, akavuka ua. Alikuwa hajawahi kukanyaga uwanja ule. Kuku wawili walimpisha. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa mkwe wake, mlango pekee wa nyumba hiyo, akakiweka kigoda mbele yake, karibu kiasi kwamba Levi angeufungua ungemgonga mgongoni. Akaketi, akatandaza leso magotini, akaelekeza uso shambani.

Ndani kulikuwa na mlio wa pampu ikisuuzwa. Kisha kitasa kikashikwa.

Kikaachwa, ufunguo ukazunguka.

Levi alikuwa amemwona kwenye upenyo. Kutoka, ilimbidi ampitie mama mkwe wake ubavuni, nguo kwa nguo, jambo ambalo hata mlevi wa Kitale hathubutu. Kumwambia ajiondoe, ilimbidi aseme naye. Madirisha yalikuwa na vyuma alivyojisifu kuvitia mwenyewe.

"Emmy!" akaita.

Aliyeitika ni jogoo.

"Emmy! Mwambie mama asogee kidogo!"

Kule upande wa juu Cherop alionekana akianza mstari wa kwanza na pampu yake, akitembea polepole kati ya maharagwe, ule mvuke mweupe ukimfuata miguuni. Emmy hakuonekana popote. Nakhungu alipangusa kitu kisichokuwepo kwenye leso yake.

Muda ulipita. Levi alikohoa. Alisogeza kiti, akasogeza kingine. Hatimaye sauti yake ilitokea chini kabisa ya mlango, pole kidogo kuliko ilivyozoeleka, ikimlenga jogoo aliyekuwa akichakura karibu na kigoda.

"Wewe jogoo. Mwambie mtu aliyekaa hapo kwamba mimi nina safari. Ningependa kutoka."

Nakhungu alimtazama jogoo. "Jogoo, mwambie huyo aliye ndani kwamba njia ipo. Atoke tu."

"Jogoo, mwambie anajua siwezi."

"Jogoo, mwambie mimi nilidhani mtu wa mpaka huvuka popote."

Mtu wa mpaka hakuvuka. Jua lilishuka kuelekea mlimani, vivuli vya mahindi vikavuka uwanja. Cherop alimaliza mistari ya kati, akajaza pampu tena, akapungia mkono kutoka mbali bila kusema neno, na kwa Cherop hiyo ilikuwa ajabu. Nakhungu alikuwa na baridi, na kiuno kilimuuma kweli, si kama migongo ya watu fulani. Aliwaza kwamba kijiji kizima kingesema: mama wa watu, ameketi mlangoni kwa mkwe kama anadai maiti. Wabwile angesikia, angeuliza kama alikuwa amekula. Waseme. Midomo yao haikuwahi kumbebea mtu pampu.

"Jogoo," Levi akasema tena. Sauti haikuwa tena ya mtu wa mpaka. "Mwambie nimesikia. Mwambie Emmy hatapiga dawa."

Nakhungu alifikiri kidogo. "Muulize, nani atapiga?"

Kiti kilisogezwa tena. "Jogoo, mwambie nitapiga mimi."

"Basi mwambie aivae pampu mgongoni, na chupa yake mkononi, atoke nayo hivyo. Akiivaa mwenyewe, nitaingia kwenye mahindi apite. Sitamzuia mwanamume kubeba mzigo wake."

Alisikia mikanda ya pampu ikiburutwa sakafuni. Alisikia Levi akiguna, pampu ikinyanyuka, ikirudishwa chini, ikinyanyuka tena. Ufunguo ulizunguka. Nakhungu aliinuka nusu, leso mkononi, macho kwenye mahindi, tayari kumpisha.

Alingoja hivyo, nusu amesimama. Ndani kitu kizito kilitua sakafuni taratibu, kama kinachowekwa na mtu asiyetaka kusikika. Kisha ufunguo ukazunguka kwa upande wa pili.

Mgongo wa Levi umeanza kuuma, Nakhungu aliwaza, akaketi.

Cherop alikuwa kwenye mstari wa mwisho. Mlango haukufunguka.